Trilioni ya Dola Itahitaji Uniti Ngapi?

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, imetuachia namba mbili ambazo sasa hazikosekani kwenye kongamano lolote: uchumi wa dola trilioni 1, na pato la dola 7,000 kwa kila Mtanzania. Leo uchumi wetu unazungukia dola bilioni 80. Wachumi wameshaanza kubishana kama tunaweza kukua kwa asilimia 10 na ushei kila mwaka kwa robo karne, kama sekta binafsi iko tayari, kama deni litahimilika. Ni ubishi mzuri. Ila ipo hesabu moja ambayo siisikii ikipigwa hadharani, na haihitaji shahada ya uchumi, kalamu na karatasi zinatosha: trilioni hiyo itasukumwa na uniti ngapi za umeme (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima), na zitatoka wapi?

Tuipige basi. Vietnam, nchi tunayopenda kuitolea mfano, mwaka 2024 ilikuwa na pato lisilofika dola 5,000 kwa mtu, na tayari matumizi yake ya umeme, viwanda vikiwemo, yalikuwa yamepita uniti 2,500 kwa kila raia kwa mwaka. Afrika Kusini, pamoja na migao yake yote, imepita 3,000. Sisi hatufiki 250. Tuwe wapole. Tuseme Mtanzania wa mwaka 2050 atatajirika kwa uniti 2,000 tu, pungufu ya Mvietnam wa leo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanatuweka karibu watu milioni 130 wakati huo. Zidisha, unapata uniti bilioni 260 kwa mwaka. Bwawa la Julius Nyerere, lile lililogharimu shilingi trilioni 6.5, limesanifiwa kutoa uniti bilioni 5.9 kwa mwaka wa kawaida. Gawanya. Jibu ni 44.

Mabwawa 44 ya Nyerere, na Rufiji tunayo moja. Uwezo wote wa maporomoko ya nchi hii, kwa namba inayotajwa miaka nenda rudi, ni megawati 4,700, na karibu nusu yake ndiyo hiyo tuliyokwisha kuifunga pale Stiegler's Gorge, lilipo bwawa la Nyerere. Kwa bei ya lile la kwanza, mabwawa 44 yangekula trilioni 286, yaani bajeti nzima ya Serikali ya mwaka 2025/26, trilioni 56.49, mara tano, kabla hujanunua nguzo wala transfoma. Siandiki haya kuikejeli Dira. Dira yenyewe inaitaja nishati miongoni mwa vichocheo vyake. Ninachosema ni kwamba fedha unaweza kuikopa, kuichapisha, hata kusamehewa deni lake, lakini uniti ya umeme lazima itoke kwenye kitu kinachoanguka, kinachoungua, kinachovuma, au kinachopigwa na jua. Hakuna benki kuu inayoweza kuichapisha.

Ukiutazama uchumi kupitia majedwali ya Pato la Taifa ni rahisi kusahau kwamba chini kabisa ni kazi: kitu kimesogezwa, kimepashwa moto, kimepondwa, kimeinuliwa. Mtu mzima mwenye afya akilima kwa jembe kutwa nzima, misuli yake hutoa kazi inayokaribia nusu uniti. Lita moja ya dizeli ina joto la uniti 10 hivi. Injini ya trekta au pawatila itapoteza sehemu kubwa ya joto hilo na kukuachia uniti 3 za kazi halisi. Maana yake siku sita za jembe zimo ndani ya chupa ya lita moja, kwa bei ambayo mwaka 2025 ilikuwa chini kidogo ya shilingi 3,000. Tafuta kibarua atakayekulimia siku sita kwa fedha hiyo. Mkulima wa Iowa, Marekani, hamzidi mkulima wa Mbozi bidii wala akili. Anamzidi dizeli, na mbolea ya chumvichumvi ambayo nayo imetengenezwa kwa gesi. Tunapozungumza kuhusu "tija ndogo" ya mkulima wetu, mara nyingi tunazungumza kuhusu nishati bila kuitaja jina.

Na ndiyo maana Serikali yoyote, hata ile isiyopenda ruzuku, hutikisika lita ikipanda. Katikati ya mwaka 2022 hazina ililazimika kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja kupoza bei, na bado Agosti petroli Dar es Salaam ilipita 3,400. Hakuna sera ya fedha iliyokosewa pale. Vita ilikuwa Ukraine, na sisi kila lita tunaiagiza.

Sasa turudi kwenye umeme, maana hapo ndipo lugha yetu ya kisiasa inapotupoteza zaidi. Wanasiasa wanapenda megawati. Mtambo wa tisa wa bwawa la Nyerere ulipokamilika Aprili 2025, tulitangaziwa kuwa gridi imepita megawati 4,000 wakati mahitaji ya juu kabisa yanazungukia 2,000. Hitimisho likatoka haraka: tuna umeme wa ziada, tuuze nje. Lakini megawati ni uwezo wa mtambo ukiwa umefunguliwa wote, na uniti ndiyo kazi iliyofanyika. Mitambo 9 ya megawati 235 ikizunguka mwaka mzima usiku na mchana ingetoa uniti bilioni 18.5. Usanifu wa bwawa lenyewe unategemea bilioni 5.9, chini ya theluthi. Hakuna aliyehujumu. Ni maji tu. Mita moja ya ujazo ya maji, tani nzima, ikishuka mita 100 inatoa takriban robo ya uniti. Mama lishe akipika maharage kwa uniti moja, tani nne za maji zimeshateremka mahali fulani, na zikishateremka zimekwenda zake Bahari ya Hindi. Mto una kiasi chake kwa mwaka, na mitambo mingi zaidi haiongezi hata ndoo moja.

Tuna historia ya kutosha kuhusu mto unapokataa. Mwaka 2006 kina cha bwawa la umeme la Mtera kilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza, watu ambao hawajawahi kufika Iringa wakijua kwa kichwa kwamba bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na likifika 690 mitambo inazimwa. Mgao ulioua biashara ndogo mwaka ule ndio uliozaa mkataba wa dharura wa Richmond, megawati 100 ambazo hazikufika kama zilivyoahidiwa, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Tuliusoma mkasa ule kama hadithi ya ufisadi, na ulikuwa hivyo, lakini mlango wa ufisadi ulifunguliwa na ukame. Nchi isiyo na akiba ya nishati hununua kwa bei yoyote kutoka kwa yeyote. Mwaka 2011 tukarudia: ukame, giza kwa saa 12 na zaidi sehemu nyingine, mitambo ya kukodi inayokunywa mafuta ya kigeni.

Na kabla ya kusema tumevuka kwa sababu sasa tuna bwawa kubwa, tuangalie maji yake yanatoka wapi. Mto Kilombero unaleta zaidi ya nusu, Luwegu sehemu yake, na Ruaha Mkuu, uleule wa mabwawa ya Mtera na Kidatu, unamalizia. Ruaha Mkuu tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na ubishi wa nani aliyekunywa maji, mpunga wa Mbarali au ng'ombe wa Ihefu, umeshahamisha watu na kuvunja vijiji. (Wapo wataalamu waliosema lawama nyingine ni ya namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa Mtera kwenyewe, na sauti zao hazikupendwa.) Wakati huohuo bonde la Kilombero ndilo tunaloliita ghala la mpunga na miwa, na kila mpango wa kilimo unaongeza ekari za umwagiliaji. Lita ya maji inayobaki shambani Mbarali imepunguza uniti Mtera, kisha Kidatu, kisha Rufiji, na inayobaki Kilombero imezipunguza Rufiji. Si kosa kuichagua shambani, pengine mchele una thamani kubwa kuliko uniti. Kosa ni wizara moja kuhesabu lita ileile kama chakula na nyingine kuihesabu kama umeme, halafu zote mbili zipeleke namba zao Hazina.

Kikwazo cha pili ni umbali, na hiki kimewashangaza wengi. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Kilimanjaro, alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Mitandao ikachafuka: tumejenga bwawa la matrilioni, leo tunaagiza? Kisiasa ni swali zuri. Kifizikia jibu lake ni fupi. Umeme unaosafiri kutoka Rufiji hadi Chalinze, kutoka Chalinze kuzunguka hadi Moshi na Arusha, unapasha nyaya moto njia nzima, na joto hilo ni uniti zilizolipiwa na kupotea. Ukiongeza msongo wa njia upotevu unashuka, ndiyo sababu ya njia za kilovoti 400 zinazojengwa, lakini njia hizo nazo huchukua miaka na fedha za kigeni. Kenya upande wa pili ina waya wa umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ethiopia hadi Suswa, na tangu mwishoni mwa 2024 gridi yake imeunganishwa na yetu. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Umeme wa jirani uliofika una thamani kuliko umeme wa nyumbani uliobaki Rufiji. Kilichokosewa kilitangulia miaka mingi: tulianza na bwawa, nyaya zikafuata nyuma zikitweta. Machi 2024, mvua zilipokolea na mtambo wa kwanza wa Rufiji umeshawashwa, baadhi ya mitambo mingine ya maji ilizimwa kwa sababu umeme umezidi, na huku kuna mitaa voltiji ilikuwa haiwezi kuwasha friji.

Halafu kuna nishati ambayo haimo kabisa kwenye hotuba za megawati, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika Tanzania ni kuni na mkaa. Hapa hasara ni ya kutisha. Tanuri la udongo la porini linahitaji takriban kilo 7 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa, na katika kupungua huko karibu robo tatu ya joto lililokuwamo kwenye mti limeshakwenda na moshi. Kilo hiyo ikifika Dar es Salaam, jiko la kawaida linapeleka robo yake hivi kwenye sufuria. Kwa hiyo kati ya mti uliokatwa Kilwa au Handeni na ugali wa Mbagala, sehemu 1 kati ya 16 ndiyo imepika. Fikiria kiwanda chenye ufanisi huo, kingefungwa kesho. Lakini mkaa hauhitaji bili ya mwezi, unanunuliwa kwa kopo, na hauzimiki mvua ikinyesha.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili. Naomba tu hesabu ya jioni ifanywe. Sensa ya 2022 ilitukuta na kaya milioni 14 hivi. Kaya milioni 3 tu zikiwasha majiko ya umeme ya kilowati 1 kwa wakati mmoja, saa 1 usiku, hizo ni megawati 3,000, kuliko mahitaji ya juu ya nchi nzima leo. Jiko la presha la umeme linasaidia sana kwa sababu linakula kwa muda mfupi, na gesi ya mitungi inasaidia ila inaagizwa kwa dola. Kila njia ina mlipaji wake. Watu wa Kenya wameshaonja sehemu ya tatizo hili bila hata kupika kwa umeme: mvuke wa jotoardhi unaozalisha umeme pale Olkaria umekuwa ukiachwa uende bure usiku wa manane wakati hakuna mtumiaji, na jioni ya siku hiyohiyo kuna mitaa inakatiwa umeme kwa kuwa kila mtu kawasha. Nchi moja, siku moja, ziada na upungufu.

Tukipigia makofi idadi ya vijiji vilivyounganishwa, tukumbuke pia kilichounganishwa. Mteja mdogo wa shilingi 100 kwa uniti anabanwa na ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Kaya nzima ikizimaliza zote kila mwezi ni 900 kwa mwaka, na ukigawa kwa watu wanne na kidogo waliomo ndani unapata 210 hivi kwa mtu. Hiyo ni taa, simu, redio, pengine televisheni. Inabadilisha maisha, sitaki kuidharau. Mtoto anasoma usiku. Ila ni sehemu ya kumi ya zile 2,000 tulizoanza nazo. Mashine ya kukoboa, chumba cha baridi cha samaki pale Mwanza, tanuru la chuma, treni ya umeme ya Shirika la Reli (TRC) inayopanda kutoka Morogoro kwenda Dodoma, ndizo zinazogeuza uniti kuwa pato, na hizo zinahitaji umeme mwingi, mfululizo, kwa voltiji isiyoyumba.

Watakaonipinga watasema uchumi wa kisasa ni wa huduma, hauli nishati kama ule wa makaa ya mawe. Kuna ukweli. Nchi tajiri nyingi zinakuza pato bila kuongeza sana nishati. Lakini zilishajenga kwanza: saruji yao imeshachomwa, reli zimeshalala, na chuma wanachohitaji sasa kinayeyushwa China na hesabu yake inaandikwa China. Sisi bado tunachoma saruji. Na huduma tunayowauzia zaidi wageni ni utalii. Mtalii wa Serengeti hakuja kwa miguu.

Basi uniti bilioni 260 zitoke wapi? Jua, kwa sehemu kubwa, na hapa ukomo wa asili uko upande wetu. Kilowati moja ya paneli pale Singida au Shinyanga inaweza kutoa uniti 1,600 hivi kwa mwaka. Kupata zote 260 kwa jua peke yake ungehitaji ardhi ya kilomita za mraba 3,000 na ushei, karibu Unguja mbili, katika nchi ya kilomita za mraba zaidi ya 900,000. Ardhi si tatizo. Tatizo ni kwamba jua linatoa kilele saa 6 mchana na sisi tunataka saa 2 usiku. Na ndipo bwawa la Nyerere linapopata kazi yake halisi, ambayo naona hatujaitambua: kufunga maji mchana jua likifanya kazi, na kuyafungua jioni. Mitambo ya megawati 2,115 ambayo kwa mwaka inapata maji ya kuzungusha theluthi tu ya muda, ukiitumia kama kinu cha kutwa nzima itakuvunja moyo. Ukiitumia kama ghala la jioni, ni mali ambayo nchi chache Afrika zinayo. Tena paneli za Singida na Dodoma ziko njiani kuelekea kaskazini, kule ambako umeme wa Rufiji unafika umechoka. Mradi wa Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150, ni mwanzo mdogo mno. Ningekuwa na sauti, fedha za bwawa linalofuata ningezihamishia kwenye paneli na nyaya.

Inabaki gesi, na hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo. Tunaambiwa chini ya bahari na nchi kavu kuna futi za ujazo trilioni 57. Namba hiyo ni ya gesi iliyomo kwenye miamba. Inayotoka ni pungufu, tuseme theluthi mbili. Futi trilioni moja ikichomwa kwenye mtambo mzuri inatoa uniti bilioni 145 hivi. Kwa mahitaji ya 2050 tuliyoyapiga hapo juu, gesi yote inayotoka, bila kuuza hata futi moja nje, ingeendesha nchi kwa miaka 20 na kitu. Ikisindikwa kuwa kimiminika pale Lindi ili ipelekwe Asia, takriban sehemu ya kumi huliwa na usindikaji wenyewe, na inayosafiri haitarudi. Siku ileile hatuwezi kuiuza gesi kwa ajili ya dola na kuiweka kwa ajili ya viwanda, ingawa hotuba nyingi huahidi yote mawili. Kwa maoni yangu nusu na zaidi ibaki nyumbani, kwa kuwa ni nishati tuliyonayo inayoweza kuwaka usiku wa ukame. Mazungumzo na kampuni za Equinor na Shell kuhusu mradi huo wa Lindi yamevutana kwa miaka, na makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Mkataba kamili, siku utakapotua bungeni, uwe na ukurasa unaosema futi ngapi zitabaki nchini kila mwaka, kwa bei gani, na bomba litaelekea mikoa ipi. Ukija bila ukurasa huo, wabunge waurudishe.